Kadi Yangu Inasema Msafishaji

Wiki jana mliniacha nimekaa juu ya gunia la unga, stoo, simu mkononi, nangoja baraza la rufaa la Australia linitokee kwenye video. Bado nimekaa hapo hapo.

Wewe uliyefungiwa nyama kwa gazeti hili ukaanza kusoma leo, nikupe kwa ufupi.

Mimi ni Pauline, mtoto wa Kimilili. Naoka mikate kwenye bekari moja ya Silicon Oasis, Dubai. Nilimwacha binti yangu, Nekesa, kwa mama yangu kabla hajajua kufunga viatu. Siku hizi ananisahihisha Kiingereza kwenye simu. Kumleta hapa siwezi, maana kadi yangu ya ukaazi inasema mimi ni msafishaji, na msafishaji huku haruhusiwi kuleta mtoto.

Msafishaji gani anaoka? Ndiyo Ghuba hiyo. Nilipoajiriwa nafasi za waokaji zilikuwa zimejaa, kafeel, yaani mdhamini wangu wa hapa, akasema tuandike msafishaji, ni jina tu. Nikaona sawa. Nani anabishana na kafeel siku ya kwanza? Mtaani kwetu dereva ana kadi ya mtunza bustani na kinyozi ana kadi ya fundi bomba. Hakuna anayeshangaa.

Kisha akatokea Bi Sharifah, mama wa Kiunguja aliyekuwa anapamba keki hapa kwetu. Yeye ndiye aliyenifundisha mkate wa chachu. Akahamia Australia na mumewe, akafungua bekari kwenye mji mdogo mbali na Perth, akaniandikia kazi ya kudumu. Viza ya kuishi, mimi na Nekesa. Tukaomba.

Ofisa wa viza akapiga simu hapa bekari kuuliza kama kweli naoka. Akajibiwa kwamba mimi ni msafishaji. Viza ikakataliwa, Bi Sharifah akakata rufaa, na leo ndiyo siku ya kusikilizwa.

Nani alijibu ile simu? Mimi nilishaamua. Ni Mister Faiz, meneja wetu. Tangu siku hiyo sijamwamkia. Wala sijalia. Wenzangu chumbani wanangoja nilie ili wanibembeleze, na mimi sihisi kitu. Ile ganzi anayokudunga daktari wa meno, mimi imeshuka hadi miguuni.

Basi. Tuendelee.

Mister Faiz alisukuma mlango wa stoo bila kubisha. Ni mtu wa Maskati, Kiswahili alikipata kwa bibi yake.

"Waifai imekubali?"

"Imekubali."

"Kaa hapa mpaka umalize. Nimemwambia Mubarak ashike meza yako."

Sikumshukuru.

"Jingine," akasema. "Wakaguzi wa kazi walikuwa mkahawa wa jirani jana. Zoezi unalikumbuka?"

Nani asiyelikumbuka? Tumelifanya mara nyingi kuliko sala. Mkaguzi akionekana mlangoni, dada wa kaunta anapaza sauti, "Mikate khalas!" kama anamwambia mteja kwamba mikate imeisha. Ukisikia hivyo, wewe mwenye kadi ya msafishaji unaachia chochote ulichoshika na kukamata dekio. Ndoo na dekio vyangu vinakaa nyuma ya meza yangu mwaka mzima, na maji ndani. Mwenye kadi ya mwokaji ni Mubarak peke yake, Mganda wa Masaka. Yeye anaruka kwenye donge la unga lililo karibu na kuanza kukanda.

Mkaguzi akituona hivyo anatusalimia, anakula biskuti moja, anaenda zake.

"Nalikumbuka," nikamwambia.

"Yalla. Mungu akusaidie."

Akafunga mlango. Mnafiki, nikasema moyoni. Unanichimbia kaburi halafu unaniletea maua.

Simu ikaita.

Upande mmoja wa kioo alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele fupi nyeupe, mwenyekiti wa baraza. Upande wa pili Bi Sharifah, amejifunga ushungi wa kijani, nyuma yake trei za mikate. Mwenyekiti alizungumza Kiingereza cha puani, polepole. Hapa nakiandika kwa Kiswahili ili tuelewane.

"Bi Pauline, unanisikia?"

"Nakusikia, madam."

Bi Sharifah akaingilia. "Usiwe na khofu, mwanangu. Sema kweli yako tu."

"Bi Sharifah, tafadhali," akasema mwenyekiti. "Zamu yako itafika."

Akaniuliza nimeoka kwa muda gani, mikate gani, nani alinifundisha. Nikajibu. Akaniuliza kwa nini kadi inasema msafishaji. Nikajibu hilo pia, na sauti yangu ikatoka bapa, kama naagiza hamira kwa simu.

"Unaelewa tatizo langu?" akasema. "Kadi ya serikali inasema msafishaji. Simu ya ofisa ilijibiwa msafishaji. Anayesema unaoka ni wewe, na huyu anayetaka kukuajiri."

"Aliyejibu simu ni meneja, madam. Alidanganya. Hataki niondoke."

Mwenyekiti akaangalia pembeni. "Hapa sioni meneja. Simu ilirekodiwa. Umewahi kuisikiliza?"

"Hapana, madam."

"Isikilize."

Kikatoka kishindo cha trei. Nikazitambua trei zetu. Kisha sauti ya ofisa, mwanamume, anauliza kama kuna mwokaji anayeitwa Pauline.

Kisha sauti ya mwanamke.

"Pauline? Huyo ni msafishaji wetu, sir. Anapiga deki tu. Unga hagusi kabisa. Mwokaji? Banange!" Na kicheko.

Kicheko hicho nakijua. Nakisikia kila siku. Kinatoka kitanda cha juu, mimi nikiwa nimelala kitanda cha chini.

Jovia.

Jovia wa kaunta. Jovia aliyenisuka nywele hizi hizi jana ili nionekane nadhifu mbele ya baraza. Jovia aliyenishika mkono siku viza ilipokataliwa, akalia yeye kwa niaba yangu, akasema, "Huyo Faiz Mungu atamlipa."

"Unaitambua sauti?" mwenyekiti akauliza.

"Naitambua."

"Ni ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

Nilitegemea kifua kipasuke. Hakikupasuka. Nilikuwa nasoma maandishi ya gunia, jina la kinu, kilo, tarehe ya mwisho ya kutumia. Nikayasoma tena.

"Huyo rafiki yupo karibu?"

"Yuko nje ya huu mlango, madam. Kaunta."

"Naomba kumsikia. Tunapumzika kidogo, umlete."

Kioo kikawa cheusi. Nikasimama, nikapangusa unga makalioni, nikatoka.

Jovia alikuwa anampimia mteja maandazi. Aliponiona akanikonyeza, akaunganisha viganja kama anasali. Nikangoja mteja aondoke.

"Imekuwaje, Mama Nekesa? Wamekubali?"

"Wamenichezea ile simu."

"Simu gani?"

"Ya yule ofisa wa viza. Umecheka vizuri sana, Jovia."

Koleo la maandazi likamtoka mkononi. Hakuliokota.

"Ile?" akasema. "Ile ilikuwa ya viza? Nilidhani ni mtu wa wizara! Alizungumza kama mtu wa wizara, Pauline! Anauliza nani anafanya kazi gani, kadi ya nani, toka lini. Mimi nikasema hawa ndio wenyewe. Nilikuwa nakulinda!"

"Na ukakaa kimya mpaka leo."

"Sikujua! Naapa kwa Mungu. Nilijibu simu ya mkaguzi nikaisahau. Nilijipongeza, unasikia? Nilisema leo nimemwokoa Mama Nekesa."

Akaanza kulia. Machozi mengi, kamasi, kila kitu. Mimi nikasimama namtazama, nikamwonea wivu, kwa kuweza kulia vile.

"Nitukane," akasema. "Nipige basi. Usinitazame hivyo."

"Sina la kukutukania."

"Wewe ungejibu nini?"

Hapo ndipo aliponiweza. Simu ya mgeni, sauti ya ofisi, anaulizia kazi ya Jovia, ambaye kadi yake inasema yaya? Ningejibu hivyo hivyo. Na kicheko ningekitia.

"Jifute," nikamwambia. "Wanataka kukusikia."

"Wakinisikia nikisema nilidanganya, si watanipeleka polisi?"

"Sijui."

"Na Mister Faiz akijua?"

"Jovia. Nekesa."

Jovia na Nekesa wanajuana kwa sauti tu. Jumapili wanaimbiana kwenye simu, yeye Kiganda, mtoto Kibukusu, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Jovia akavua aproni, akajifutia uso, akasema, "Twende. Mwambie Mubarak aangalie mlango kidogo."

Mubarak akatoka jikoni, akasimama kaunta na mikono yake ya unga. Sisi tukaingia stoo tukajibana mbele ya simu.

"Taja jina lako," mwenyekiti akasema.

"Jovia, madam. Ni mimi niliyejibu ile simu. Nilidanganya. Pauline ni mwokaji. Anaoka kuliko wote hapa."

"Kwa nini ulidanganya?"

Akaeleza. Kadi, wakaguzi, hofu. Akaeleza mpaka dekio na ndoo. Nilitamani kumkanyaga mguu, kisha nikaona hakuna tena cha kuficha.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo ulimdanganya ofisa ili kumsaidia rafiki yako."

"Ndiyo, madam."

"Na leo unataka nini?"

"Kumsaidia rafiki yangu."

"Basi nitajuaje ni siku ipi unasema kweli?"

Jovia akaacha kuitazama simu. Akanigeukia. Nami nikasikia mlango mmoja ukifungwa taratibu huko ndani yangu. Sikuhuzunika. Nilifikiri nitamwambia Nekesa kwa maneno gani, na nikaona maneno ninayo tayari, yale yale ya kila mwaka. Mwakani, mama. Mwakani.

"Madam," Bi Sharifah akasema. "Niruhusu neno moja."

"Sema."

"Mimi nina miaka mingi katika unga. Msafishaji ukimpa donge la chachu, litamnata mpaka viwikoni. Hajui alishike wapi. Huyo yuko bekari sasa hivi, meza iko nyuma ya mlango. Mwambie akuoneshe. Huhitaji kuamini maneno ya mtu yeyote."

Mwenyekiti akashika kalamu. Akaandika kitu. Akaandika kingine.

"Si kawaida," akasema. "Lakini sioni kifungu kinachonizuia. Bi Pauline, unaweza?"

"Naweza, madam."

Nilimwacha Jovia arudi kaunta, nikapita jikoni na simu. Nikaiegemeza kwenye kopo la siagi, uso wake ukaitazama meza. Nikanawa. Nikachota donge la chachu lililolala tangu jana, nikalimwaga mezani.

Jamani. Sijui niwaeleze vipi.

Nilikuwa na miezi sijahisi chochote, na lile donge lilikuwa na uhai. Lilivuta, likapumua chini ya kiganja. Nikalikunja, nikaligeuza, nikalivuta kuja kwangu mpaka ngozi yake ikakaza. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikahisi joto linapanda viwikoni, linafika kooni, nikajua nikiendelea kidogo nitalia mbele ya serikali ya watu.

"Kwa nini unalivuta hivyo?" mwenyekiti akauliza.

"Likikosa ukakamavu litatandaa kwenye oveni, madam. Mkate utakuwa chapati."

Akacheka! Mwenyekiti wa baraza akacheka.

"Na unajuaje kwamba limetosha?"

Nikabonyeza kwa kidole. Shimo likarudi polepole, likabaki alama ndogo. "Likirudi haraka bado. Lisiporudi, umechelewa. Hili liko tayari."

"Mwambie akate," Bi Sharifah akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi tayari. "Mwone anavyokata."

Nikachukua wembe. Nikapitisha mara moja, mkato mmoja, mdomo ukafunguka vizuri.

Mwenyekiti akasogea karibu na kioo chake. Akavaa miwani tena.

"Naona," akasema. "Bi Sharifah, nadhani sasa naona. Bi Pauline, nina swali moja la mwisho, halafu..."

"MIKATE KHALAS!"

Ilikuwa sauti ya Jovia, kutoka kaunta, kali, ya kuchanika.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana nimeulizwa jambo hili na watu wengi na wote wananiona mjinga. Sikufikiri. Naapa sikupata hata nafasi ya kufikiri. Wembe uliangukia mezani, mikono ikaliachia donge, ikazunguka nyuma yangu, ikakamata dekio. Nilipojitambua nilikuwa nimeshapiga deki hatua mbili, kichwa chini, maji yanatiririka miguuni.

Na Mubarak alisharuka. Aliingia jikoni kama swala, akasimama mahali pangu, akatumbukiza mikono kwenye donge langu na kulikanda kwa nguvu zake zote. Lilikuwa limeshakatwa. Alikuwa analiua. Masikini, alikuwa anafanya kazi yake.

Simu ilikuwa bado imeegemea kopo la siagi. Inatazama meza.

"Bi Pauline?" mwenyekiti akasema. "Huyo bwana ni nani?"

Nikaendelea kupiga deki.

"Bi Pauline, mbona unapiga deki?"

Bi Sharifah alikuwa anaita jina langu, mara Pauline, mara mwanangu. Mubarak akaitazama ile simu kama ametokewa na jini. Hakuwa anajua lolote kuhusu baraza. Akanong'ona, "Nani huyo?" na hakuacha kukanda.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mister Faiz alitangulia, anatabasamu lile tabasamu la wageni. Nyuma yake kijana mmoja nadhifu, kanzu nyeupe, kitambulisho shingoni, na mwingine ameshika tableti. Nyuma yao Jovia, mkono mdomoni. Alikuwa ameshakumbuka nilikuwa nafanya nini. Alikumbuka baada ya kupiga kelele.

"Assalamu alaikum," mkaguzi akasema.

"Waalaikum salaam," tukajibu wote.

Akatazama oveni. Akatazama Mubarak, akaomba kadi, akaisoma, akamrudishia. "Mwokaji. Mumtaz, safi kabisa." Kisha akanijia mimi. Akaniangalia dekio, akaniangalia mikono.

Mikono ilikuwa myeupe mpaka viwikoni. Unga na chachu, umeganda kwenye kucha.

"Wewe," akasema kwa Kiingereza, kwa upole kabisa. "Kazi yako ni nini hapa?"

Mister Faiz alinitazama. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini macho yalikuwa yanaomba. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitazama miezi yote niliyomnunia. Mtu huyu anaogopa kama mimi. Nikisema mwokaji, atafungiwa duka, na kila mwenye kadi isiyo ya kazi yake humu ndani atapandishwa ndege, Jovia wa kwanza.

Kabla sijavuta pumzi, sauti ikatoka kwenye kopo la siagi.

"Ndilo swali langu la mwisho," mwenyekiti akasema. "Sijui nani ameliuliza, lakini nangoja jibu lile lile. Bi Pauline, mbele ya baraza hili, kazi yako ni nini?"

Mkaguzi akageuka, akaitazama simu. Akanigeukia tena, nyusi zimepanda.

Nikamwona Nekesa anajifunga viatu mwenyewe. Nikamwona Jovia mlangoni.

Joto lile la kooni lilikuwa limeondoka. Ganzi imerudi, mahali pake pa zamani, kama haikuwa imetoka. Nikaitazama mikono yangu, nikaiambia iachie dekio kwanza, halafu ndiyo nijibu.

Haikuachia. Nikaiambia tena. Watu wote wanangoja, huku na Australia, na mimi nimefungua mdomo, na mikono bado imeshika.